Hatua Mia Nne za Mtaa wa Misindano

Vigae vilipowaka vyekundu mbele ya nyumba ya Mama Lusajo, mafundi kumi na wawili walikuwa wamesimama pale na vikombe vya uji mikononi, na hakuna hata mmoja aliyekimbia.

Zamani wangekimbia. Anyosisye Mwangoka alizikumbuka enzi hizo vizuri, maana mama yake aliuza viazi vya kuchemsha karibu na stendi ya Itengelo, na siku moja askari mgambo alilipiga teke beseni lake mbele ya watu. Mama alipiga magoti kwenye matope akaokota kiazi kimoja kimoja. Kwa hiyo manispaa ilipoacha mgambo na kumleta Karani, mashine ya kusimamia sheria ndogo za mitaa, Anyosisye alikuwa wa kwanza kuomba kazi ya kumtunza. Sasa alikuwa na miaka kumi na mmoja katika kazi hiyo, na hakuwahi kuionea aibu.

Alifika pale kwa miguu, kisikizi kikiwa sikioni, pumzi ikimtoka kama moshi kwa ile baridi ya Itengelo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekuja na kile kitoroli chako?"

"Kinakuja. Dakika ya nne hii."

Mama Lusajo aliendelea kukoroga. Alikuwa mwanamke mpana, wa miaka hamsini na kitu, jina lake la vyeti Tulinagwe Kyando, ingawa hakuna aliyelitumia. Uji wake ulikuwa wa ulezi na maziwa, mzito, na mafundi wa kituo cha umeme wa upepo kule juu kilimani waliutegemea. Walikesha wakiyaangalia mapanga makubwa yanayozungushwa na upepo, wakashuka alfajiri vidole vimekufa ganzi. Mtaa mzima wa Misindano ulikuwa eneo la makazi. Duka la karibu kabisa lilikuwa ng'ambo ya bonde.

Chini ya kila kigae cha barabara za Itengelo ulipita uzi mwembamba wa kioo. Uzi ule ulihisi uzito, ukajua nani amesimama, kwa muda gani, na ameweka nini chini. Kigae cha njano kiliruhusu biashara, cha kijani kilikuwa cha makazi, cheupe cha kupita tu. Matumizi yakipingana na kibali, kigae huwa chekundu, na baada ya dakika saba kitoroli kisicho na dereva huja polepole, hupakia bidhaa kwa mikono yake laini bila kumwaga chochote, na kukupa hati ya kuzidai. Hakuna matusi wala kitu kidogo. Karani hakuwa na shangazi wala shemeji mjini.

Lakini kabla ya dakika ya saba, mtu alikuwa na haki ya kumjibu. Wengi hawakujua la kusema. Mama Lusajo alijua.

Alipanguza mikono kwenye kitenge, akainama kidogo kukielekea kigae kilichokuwa chekundu zaidi, kama mtu anayezungumza na mtoto.

"Karani, umesoma kifungu cha arobaini na moja?"

Sauti ya Karani ilitoka kwenye nguzo ya taa, tulivu, wala si ya kiume wala ya kike. "Nimekisoma, mama. Chakula, au kazi ndogo ya mikono, inayofanywa katika nyumba ya makazi kwa ajili ya majirani, haitahesabiwa kuwa biashara."

"Na jirani ni nani?"

"Anayeishi au kufanya kazi ndani ya hatua mia nne, kuanzia lango lake hadi kizingiti cha nyumba hiyo."

"Basi hesabu."

Fundi mmoja alinyanyua kikombe akanywa, macho yakiwa kwenye nguzo.

"Kutoka lango la kituo cha upepo hadi kizingiti chako," Karani alisema, "ni hatua mia tatu tisini na moja."

Mafundi walipiga kelele kama uwanjani. Kitoroli, ambacho kilikuwa kimeshatokeza kwenye kona, kilisimama, kikageuka, kikaondoka zake. Vigae vilirudi kuwa vya kijani.

"Shauri hili litathibitishwa na Baraza la Mtaa siku ya Ijumaa," Karani aliongeza. "Una alama mbili tayari, mama. Ya tatu ingekuhamisha."

"Najua mwanangu. Ijumaa nitakuwepo."

Alama ya kwanza aliipata kwa sababu ya bango. Lilikuwa limeandikwa UJI WA MOTO UPO HAPA, na sheria ndogo ziliruhusu nyumba ya makazi kuwa na bango lisilozidi shubiri mbili. Mama Lusajo alichukua msumeno akalikata mpaka likabaki neno la kwanza tu. Alama ya pili ilikuwa ya benchi alilolitoa barabarani. Tangu hapo akaazima kitabu cha sheria ndogo ofisi ya mtendaji, kurasa mia mbili na kumi na nne, akawa anakisoma huku akikoroga. Kurasa nyingi zilikuwa na madoa ya ulezi.

Anyosisye alimtazama akigawa kikombe cha mwisho. Alifikiri, kama angekuwa na watu ishirini wa namna hii katika mji wote, Karani asingehitaji mtunzaji. Alikuwa na furaha ya kweli. Mtu wa kawaida, bila wakili, alikuwa amesimama mbele ya sheria na sheria ikamsikiliza. Hicho ndicho alichokiota mwaka ule wa kwanza.

*

Aliamua kupanda hadi lango la kituo, atazame njia yenyewe kwa ajili ya ripoti ya Ijumaa. Karani hakumwagiza afanye hivyo. Ilikuwa tabia yake tu, kuzikanyaga kwa miguu yake hesabu zote zinazogusa nyumba ya mtu.

Aliteremka kutoka langoni akihesabu vigae. Mia moja. Mia na hamsini. Mahali ambapo barabara inapinda, chini ya ukingo wa udongo mwekundu, alihisi kitu kwenye mapaja. Alikuwa akinyoosha mguu. Kwa miaka mingi aliyotembea juu ya vigae, mwili wake ulishazoea kukanyaga kimoja kwa hatua moja bila kufikiri, na hapa hatua yake haikutosha.

Alichutama. Vigae vya hapo vilikuwa vipya kidogo, rangi yake imekolea. Akakumbuka mvua kubwa za mwaka juzi, kilima kilipoporomoka na kuzika kipande cha barabara. Vigae vya akiba vilikuwa vimekwisha, mkandarasi akaleta vingine. Anyosisye mwenyewe ndiye aliyesimama pale na mwavuli akatia saini kuvipokea, kwa kuwa vilikuwa na uzi mzuri na viliunganika na Karani siku hiyohiyo.

Akatoa tepu mfukoni. Kigae cha kawaida cha Itengelo kilikuwa sentimita sabini na tano. Hiki kilikuwa tisini.

Akahesabu vile vipya. Mia moja na ishirini.

Alikaa kwenye ukingo wa barabara, akafanya hesabu kwenye kiganja kwa kalamu, akairudia, halafu akairudia tena akitumaini kuwa hajui hesabu. Jibu lilibaki lilelile. Kutoka lango la kituo hadi kizingiti cha Mama Lusajo hazikuwa hatua mia tatu tisini na moja. Zilikuwa mia nne na kumi na tano.

Karani hakuwa mwongo. Karani hakuwa na macho wala miguu. Alijua kwamba hiki ni kigae na kile ni kigae, na alifundishwa kwamba kigae ni hatua. Hakuna aliyemwambia kuwa vingine ni virefu.

Kumi na tano. Wazo la kwanza lililomjia Anyosisye lilikuwa la kufuta kiganja. Nani angejua? Uji ule ulimdhuru nani? Mafundi wangepata kifungua kinywa, mama angebaki na nyumba aliyoijenga yeye na mumewe, na sheria ingeonekana ina huruma. Alitemea mate kiganja akaanza kusugua.

Ndipo likamjia wazo la pili, nalo likamkalisha pale mpaka baridi ikampenya. Kama kuna vigae virefu, hakuna vifupi?

Vilikuwepo. Alivijua vilipo. Mtaa wa Bomani ulikuwa wa kwanza kabisa kutandikwa, wakati wa majaribio, kwa vigae vidogo vilivyobaki kutoka mji mwingine. Na kutoka Bomani, miezi minane iliyopita, Karani alikuwa amemhamisha Osia Kilasi, fundi viatu, mzee mtulivu aliyeshonea wanafunzi viatu barazani kwake. Lango la shule lilikuwa hatua mia nne thelathini na mbili. Anyosisye alikuwepo siku ile. Kilasi alikunja turubai lake, akamuuliza swali moja tu: "Mmehesabu sawasawa, baba?" Naye Anyosisye akamjibu kwa kifua mbele, "Karani hakosei."

Akashuka Bomani siku hiyohiyo na tepu yake. Sentimita sitini. Kilasi alikuwa ndani ya hatua mia tatu arobaini na sita.

*

Kiapo cha mtunza Karani kina sentensi moja: kosa utakaloliona, utalisema siku uliyoliona. Anyosisye aliliona siku ya Jumanne. Jumatano hakusema. Alhamisi mchana alikwenda kwa Mama Lusajo, akamkuta akipepeta ulezi kwenye ungo.

Alimweleza yote, bila kuruka kitu. Mama Lusajo aliendelea kupepeta mpaka aliposikia kumi na tano. Hapo ungo ukatulia.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Kwa hiyo umekuja kuniambia mimi. Kwa nini?"

"Nilifikiri ni haki yako kujua kabla ya Ijumaa."

"Hapana." Aliuweka ungo chini. Sauti yake haikupanda, ila ilibadilika. "Umekuja kunipa mzigo wako niubebe. Ukitoka hapa unataka niwe nimesema 'nyamaza', ili unyamaze na lawama iwe yangu. Au niwe nimesema 'sema', ili unihamishe na roho yako isafike. Kiapo ulikula wewe, Mwangoka. Mimi nilikula uji."

Anyosisye alikuwa amesemwa hadi kwenye mfupa.

"Hii nyumba," Mama Lusajo alisema, akiugusa ukuta kwa kiganja, "mume wangu alifyatua matofali yake yote kule mtoni. Alifia kwenye chumba kile. Unataka nikakae ng'ambo ya bonde, kwenye vibanda vya bati?"

"Sitaki, mama."

"Na huyo mzee wa viatu yuko huko?"

"Yuko huko. Na mkewe."

Nje, mtu alipita na baiskeli, kengele ikalia.

"Nenda," alisema mwishowe. "Sitakuambia kitu. Nenda kafanye kazi yako."

Anyosisye aliondoka akiwa na hasira, na alipofika nusu ya njia akagundua kuwa hasira yenyewe ni ya kujijua. Alikuwa amemwendea mwanamke yule kutafuta ruhusa ya kuwa mwoga.

*

Baraza la Mtaa lilikaa Ijumaa saa nne, kwenye ukumbi wa chama cha wakulima wa chai. Mafundi wa zamu ya usiku walikuja bila kulala. Majirani walijaa hadi madirishani. Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Luvanda, aligonga meza kwa kifuniko cha kalamu, na Karani akazungumza kutoka kwenye kipaza sauti kidogo kilichowekwa juu ya kitambaa cha meza.

"Shauri la nyumba namba hamsini na nane, Mtaa wa Misindano. Kwa kifungu cha arobaini na moja, umbali ni hatua mia tatu tisini na moja. Napendekeza alama ya tatu isiandikwe."

Vigelegele. Mzee Luvanda alitabasamu, maana alikuwa mtu mwema na hakupenda kuhamisha watu. "Kuna mwenye neno kabla sijafunga?"

Anyosisye aliinua mkono. Alisimama.

"Ninalo, mheshimiwa mwenyekiti. Karani amekosea, na kosa ni langu."

Alieleza habari ya mvua na mkandarasi, ya tepu na sentimita tisini. Alisema aliliona Jumanne na hakulisema. Alipofika kwenye kumi na tano ukumbi ulilipuka. "Msaliti!" fundi mmoja alipiga kelele. "Umetumwa na nani?" Bibi mmoja aliyekaa mbele alimtazama kwa namna iliyomuumiza kuliko kelele zote. Anyosisye hakukaa. Alisubiri kelele zipungue, akaendelea na Bomani, na jina la Osia Kilasi, na hatua mia tatu arobaini na sita.

"Karani," Mzee Luvanda aliuliza, "ni kweli?"

"Sijui," Karani alisema. "Sina namna ya kujua urefu wa kigae. Naomba mnipimie."

Hapo aliinuka mjumbe kijana wa baraza, Fidea Mgaya, aliyesomea sheria na ambaye akili yake ilikimbia kuliko ya wengine. "Mheshimiwa, hakuna haja ya kupima. Someni jedwali la mwisho la sheria ndogo. Imeandikwa: 'hatua ni sentimita sabini na tano, yaani kigae kimoja.' Sheria ina tafsiri mbili, na pale zinapogongana, mwananchi ana haki ya kuchagua inayomfaa. Mama yetu akichagua kigae, amekwisha kushinda. Hatua zake ni mia tatu tisini na moja, kisheria kabisa."

Macho yote yalimgeukia Mama Lusajo. Alikuwa amekaa na kitabu cha sheria ndogo mapajani, na Anyosisye aliona kidole chake kikiwa tayari kwenye ukurasa ule ule. Alikuwa ameshaliona jedwali kabla ya Fidea. Pengine tangu jana.

Mama Lusajo alisimama taratibu.

"Asante mwanangu Fidea, umenitetea kama mwanangu wa kumzaa. Nami sitawaficha, usiku sikulala kwa sababu ya mstari huo. Nikichagua kigae, mimi nabaki. Lakini kigae kikiwa ndiyo sheria, basi yule mzee wa Bomani alihamishwa kwa haki, na hatarudi. Siwezi kuchukua kigae mimi halafu yeye nimwachie tepu. Sheria ni moja. Pimeni kwa sentimita."

"Mama Lusajo," Mzee Luvanda alisema kwa upole, "unaelewa unachokiomba?"

"Nimesoma kurasa mia mbili na kumi na nne, mwenyekiti. Naelewa."

Hakukuwa na vigelegele. Watu walitoka ukumbini wote pamoja, wakapanda hadi lango la kituo, wakashuka na tepu ya seremala mmoja, wanne wakiishika na wengine wakitaja namba kwa sauti. Ilikuwa kama msafara wa harusi uliokosa ngoma. Kwenye kizingiti cha nyumba namba hamsini na nane walikomea kwenye mia nne na kumi na tano. Mama Lusajo ndiye aliyeisoma tepu, kwa sauti, kisha akaandika mwenyewe namba ile kwenye karatasi ya baraza na kutia saini.

Karani akaandika alama ya tatu. Akampa siku thelathini.

"Na mimi," Karani aliongeza, kutoka kwenye nguzo ya taa, mbele ya watu wote, "nasimamisha leo maamuzi yangu yote yaliyotegemea hatua. Ni mashauri sitini na matatu. Sijui ni nani kati yao niliyemdhulumu. Yeyote mwenye tepu anisaidie."

*

Wiki iliyofuata Itengelo ilionekana kama mji wa washonaji. Walimu walitoka na wanafunzi wao, mabibi walitoka na kamba zenye mafundo, vijana wa bodaboda walipimana wao kwa wao, wakiitana namba kutoka kona hadi kona. Anyosisye alizunguka kutwa nzima akipokea vipimo na kumsomea Karani. Mashauri ishirini na mawili yaligeuka, watu wakaruhusiwa kurudi. Tisa waliokuwa wamenusurika wakajikuta nje ya mstari, nao wakalalamika, na mmoja alimtukana Anyosisye mbele ya watoto wake. Ofisi nayo ilimpa barua ya onyo kwa siku tatu alizokaa kimya. Aliisoma, akaona kila neno ni la haki, akatia saini.

Mama Lusajo alikuwa ameacha kupika tangu Ijumaa ile. Mafundi walimsihi aendelee hizo siku thelathini, akakataa. Akaanza kufunga vyombo kwenye masanduku.

Ila mafundi hawakukaa kimya. Walikuwa watu wa kurekebisha vitu, na jambo hili waliliona kama kitu kilichoharibika. Mmoja wao alikaa na kitabu cha Mama Lusajo jioni moja, akarudi kazini na wazo jepesi kiasi kwamba wenzake walicheka: sheria inahesabu kuanzia langoni, na lango ni tundu tu kwenye uzio. Uzio wa kituo ulishuka kilimani hadi karibu kabisa na barabara ya Misindano. Waliandika barua. Meneja wa kituo alisema haiwezekani, kuna taratibu za usalama. Wakampelekea taratibu za usalama, zimepigiwa mstari mahali panaposema kituo kinapaswa kuwa na mlango wa pili wa dharura, ambao haukuwahi kujengwa.

Siku ya ishirini na sita walikata uzio, wakafunga mlango wa chuma, wakaupaka rangi ya kijani. Anyosisye alikwenda kupima akiwa na mashahidi wanne. Hatua mia tatu thelathini na nane, za sentimita sabini na tano kila moja.

"Alama haifutwi," Karani alisema. "Ilikuwa ya haki siku ilipoandikwa. Lakini sababu ya kumhamisha haipo tena. Mama abaki."

Mama Lusajo alisikia habari ile akiwa amekaa juu ya sanduku. Hakuruka wala hakulia. Alimtazama Anyosisye, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile, akasema, "Nifungulie hilo la sufuria, baba. Mgongo unaniuma."

*

Siku Osia Kilasi aliporudishwa Bomani, Anyosisye alivuka bonde mwenyewe kwenda kumchukua. Hakutaka kitoroli kifanye kazi ile. Alimkuta mzee na mkewe, Bi Skola, wamekaa juu ya godoro lililoviringishwa, turubai lile lile likiwa limekunjwa kando.

"Nimekuja kukuomba radhi, mzee. Uliniuliza kama tumehesabu sawasawa. Nilikujibu bila kujua."

Kilasi aliuliza, "Nani aligundua?"

"Mimi ndiye niliyepima. Lakini aliyekurudisha ni mama mmoja wa Misindano. Alikuwa na njia ya kubaki, akaiacha kwa sababu yako."

"Ananifahamu?"

"Hakujui kabisa."

Bi Skola akasimama, akajifunga kitenge vizuri. "Kabla ya nyumbani," alisema, "tupitie huko."

Walifika Misindano jua likiwa limeanza kupasha migongo. Mafundi walikuwa wameshakwenda kulala. Mama Lusajo alikuwa akisugua sufuria mlangoni. Anyosisye aliwatambulisha. Wazee wale wawili walisimama kwenye kigae cha kijani, mikono imefumbatana, wakamwamkia kwa heshima kana kwamba yeye ndiye mkubwa, naye akaona haya, akapanguza povu la sabuni kwenye mikono na kuwasalimia vizuri.

"Uji umebaki kidogo," alisema. "Mmetoka mbali."

Kilasi aliyekuwa ameshanyoosha mkono akaurudisha. Miezi minane ng'ambo ilikuwa imemfundisha. "Hapana, mama. Asante sana. Sisi ni wa Bomani, ni mbali mno. Tukinywa hapa tutakuletea matatizo tena."

Anyosisye alisubiri sauti sikioni mwake. Mzee alikuwa sahihi. Kutoka Bomani hadi kizingiti kile zilikuwa hatua elfu tatu na zaidi.

Mama Lusajo aliwatazama wale wazee, akatazama vigae chini ya miguu yao, akaanza kucheka, kicheko kikubwa kilichomtikisa mabega.

"Nani kawaambia mnywee hapa?" Akausukuma mlango kwa kisigino mpaka ukafunguka wote. "Wale wa asubuhi ni majirani, wanasimama nje. Ninyi ni wageni wangu. Karibuni ndani mkae."

Kilasi alivua viatu kwenye kizingiti, akaviweka sambamba. Bi Skola akamfuata. Anyosisye alibaki barabarani na godoro la watu begani, akisikiliza vikombe vikigongana ndani ya nyumba, mahali pasipo na kigae hata kimoja.

"Karani," aliuliza kwa sauti ya chini, "niandike nini?"

"Usiandike kitu," Karani akasema. "Wamekaribishwa."

Na kutoka ndani Mama Lusajo akaita, "Mwangoka! Tua hilo godoro uje, uji unapoa."